Kujifungua Ugenini

Msomaji, ukisimama katika mji wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, na kuelekeza uso wako magharibi, utakiona kisiwa cha Rusinga karibu sana, hata gari huvuka kwenda huko. Na nyuma yake, mbali kidogo, utauona mlima wa Mfangano ukiinuka kutoka majini. Wenyeji wa visiwa hivi, pamoja na jamaa zao wa Gwassi na Kaksingri, na wale wa Muhuru katika kaunti ya Migori, huitwa Wasuba. Leo wengi wao husema Kiluo, na mtu apitaye njiani hawezi kuwatenga na jirani zao Waluo. Lakini mababu zao walifika katika nchi hii kwa mitumbwi, wakiwa wakimbizi.

Neno mkimbizi tumelizoea kwa ajili ya Dadaab na Kakuma, kambi zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992, na kwa kuwa Kenya ya leo imewapokea wakimbizi zaidi ya laki saba, twadhani kwamba jambo lenyewe ni la zama zetu. Sivyo. Wazee wa Wasuba walisimulia kwamba katika karne ya 18 kulitokea ugomvi mkubwa katika nyumba ya ufalme ya Buganda. Kabaka Junju aliuawa, na nduguye Semakokiro akatawala mahali pake. Watu walioogopa kulipizwa kisasi wakatwaa mitumbwi, wakafuata visiwa kimoja baada ya kimoja kuelekea mashariki, hata wakafika Mfangano na Rusinga. Makundi mengine yakawafuata kutoka Buganda na Busoga. Mwanahistoria Henry Ayot alizikusanya habari hizi katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979, na mpenda historia atafanya vema kukitafuta.

Sisi tuliosomea ualimu chuoni tulifundishwa mambo ya uhamaji namna hii: nani aliongoza, njia gani ilifuatwa, vita gani vilipiganwa, ardhi gani ilitwaliwa. Maswali hayo ni ya haki, nami huwauliza wanafunzi wangu maswali yayo hayo. Lakini hapana somo hata moja lililotuuliza ni nani aliyewapokea watoto waliozaliwa njiani. Mtumbwi uliojaa wanaume peke yao hauzai kabila. Katika mitumbwi ile walikuwamo wanawake, na baadhi yao bila shaka walikuwa na mimba, maana hofu haingojei mwanamke ajifungue kwanza. Nakuomba, msomaji, tuwafuate wanawake hao na wenzao waliokuja baadaye, tuone ilikuwaje kwao kuzaa mahali ambapo hawakujulikana.

Tuanze na jambo moja ambalo kijana wa leo aliyezaliwa hospitali huenda hajapata kulifikiri. Mtoto azaliwapo, hutoka pamoja naye kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Waluo, kama watu wengi wa Afrika ya Mashariki, walilizika nyumbani, na mahali lilipozikwa palikuwa ushahidi wa kwao pa mtu. Mwaka 1987, ilipofanyika Nairobi ile kesi maarufu ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, nchi nzima ilijifunza jinsi Waluo wamfungamanishavyo mtu na ardhi ya wazee wake, tangu kuzaliwa kwake hata kuzikwa. Sasa mtazame mwanamke aliyeshikwa na uchungu siku chache baada ya kuteremka pwani asiyoijua. Zalio lake lizikwe katika ardhi ya nani? Mtoto wake ataambiwa kwao ni wapi? Swali hili si dogo kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa na nyumba, na mama yake mzazi karibu, na makaburi ya watu wake mbele ya mlango.

Lugha ya Kiluo imehifadhi kumbukumbu ya uzazi wa namna hiyo katika majina. Mtoto wa kiume aliyezaliwa njiani huitwa Oyoo, na wa kike Ayoo, kwa kuwa yoo ni njia. Majina haya ni ya kawaida sana, na huenda msomaji unaye rafiki aitwaye hivyo. Kila jina la Ayoo lilianza na mwanamke aliyekuwa safarini siku zake zilipotimia.

Waluo wana neno jingine linalohusu habari yetu, nalo ni jadak, na wingi wake jodak. Jadak ni mtu akaaye katika ardhi ya wengine kwa ridhaa yao. Wenye ardhi huitwa weg lowo. Jadak alipewa shamba akalima, akajenga, akaoa na kuoza, lakini katika mashauri ya ardhi hakuwa na sauti sawa na wenyewe, na ugomvi ukizuka aliweza kuambiwa aondoke. Hali hii iliwapata watu wengi katika nchi tuiitayo Migori leo, ambayo ilijazwa na watu waliosogea kusini kidogo kidogo, Waluo kwa Waluo, na katika karne ya 20 wakaja Wamaragoli waliosongwa na uhaba wa ardhi kwao, wakakaa kati ya Waluo na Wakuria. Kumbuka tena kwamba mila haimruhusu Mluo kuoa katika ukoo wake mwenyewe. Basi kila mke huwa ametoka mahali pengine. Mume aliyekuwa jadak alikuwa mgeni mara moja. Mkewe alikuwa mgeni mara mbili, mgeni wa nchi na mgeni wa nyumba.

Je, watu wa ziwa waliliona jambo hili? Naamini waliliona, na ushahidi wangu ni yule mwanamke aliyeitwa pim. Katika boma la Kiluo la zamani ilikuwako nyumba iitwayo siwindhe, ambamo wasichana walilala usiku pamoja na watoto wadogo. Mwenye nyumba hiyo alikuwa bibi aliyepita umri wa kuzaa. Yeye ndiye aliyewalea, akawasimulia hadithi na vitendawili, akawafundisha mambo ya mwili na ya ndoa, na mengine mengi ambayo mama mzazi aliona haya kuyasema. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, walioandika juu ya nchi ya Siaya, ng'ambo ya ghuba, walionyesha jambo la ajabu: pim aghalabu hakuwa mtu wa ukoo ule. Mara nyingi alikuwa ametoka mbali, mjane au mtu aliyepotelewa na watu wake, akapokewa katika boma, akapewa watoto wa wenyeji awalee.

Nisomapo habari hizi nashangaa kila mara. Mwanamke asiye na ukoo, asiye na ardhi, asiye na mwana wa kumtetea, alikabidhiwa kitu ambacho wenyeji walikithamini kuliko ng'ombe. Kwa njia hiyo alipata mahali pa kulala na watu wa kumwita kwa heshima. Nao wenyeji walipata maarifa ya nchi nyingine, dawa za nchi nyingine, na hadithi ambazo hazikusimuliwa katika maboma yao. Wasichana waliolelewa naye walipoolewa mbali walikuwa wamekwisha kuishi na mgeni, wakajua kwamba mgeni ni mtu. Pamoja na pim alikuwako nyamrerwa, mkunga wa kienyeji, ajuaye miti shamba, ambaye alimkanda mwenye mimba, akampokea mtoto, akaendelea kumtazama mzazi siku zilizofuata. Hata huko pwani Waswahili walikuwa na utaratibu wao wa kumweka mzazi ndani siku arobaini, alishwe, akandwe, asiachwe peke yake. Sehemu kubwa ya utaratibu huu, ukiuchungua, si dawa ya mwili. Ni kukaa na mtu.

Mtu asinidhanie kuwa naisifu mila kwa sababu ni mila. Mila hiyo hiyo ilijua kumlaumu mgonjwa. Waganda, ambao kwao ndiko walikotoka Wasuba, wana jina la maradhi ya akili yampatayo mwanamke aliyejifungua, nalo ni amakiro. Mama aliyeshikwa na amakiro huchanganyikiwa, asilale, na inasemekana huweza kumdhuru mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo jambo lilijulikana, likapewa jina. Lakini sababu iliyotolewa na watu ni kwamba mwanamke yule alifanya uzinzi wakati wa mimba. Basi aliyekuwa mgonjwa akawa pia mshtakiwa. Fikiri jinsi shtaka hilo lilivyomwelemea mgeni asiye na ndugu wa kumsemea! Mwanamke wa namna hiyo alijifunza upesi kunyamaza, na ukimya wake ukadhaniwa kuwa uzima.

Kabla ya kuendelea na habari za maradhi, nitamtaja mama mmoja wa Rusinga ili msomaji aone kwamba ugenini wa kuzalia hauhitaji vita. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na mashamba ya walowezi yalihitaji watu. Kwa hiyo watu wa Nyanza ya Kusini wakaenda kufanya kazi mbali, baadhi yao pamoja na wake zao. Leonardus Ndiege wa Rusinga alipata kazi katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Mkewe, Marcella Awuor, alijifungua mtoto wa kiume huko, kambini mwa wafanyakazi, tarehe 15 Agosti 1930. Mtoto huyo alikua akisema lugha za watu wa huko, na baadaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Tom Mboya. Alipouawa Nairobi mwezi wa Julai 1969 alirudishwa Rusinga akazikwa, ingawa hakuzaliwa huko. Kila mwanafunzi wa Kenya amesoma habari za Mboya. Wachache wanajua kwamba mama yake alimzaa ugenini.

Wakati huo huo Wasuba walikuwa wakipoteza lugha yao. Wanaume wa Kisuba walioa wake wa Kiluo, nao wake hao wakawaimbia watoto wao kwa lugha waliyoijua. Shule na makanisa yakatumia Kiluo pia, tangu Waadventista walipofungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kisuba kikarudi nyuma mpaka kikawa lugha ya wazee. Watu hulitaja jambo hili kwa masikitiko, nami nasikitika pamoja nao. Lakini tazama upande wa pili. Mwanamke aliyeletwa katika nyumba ya wageni, akiwa yeye peke yake asemaye lugha yake, hakuachia neno lake la faraja, na mwishowe nyumba nzima ikasema kama yeye. Hapana shaka kwamba lugha ambayo mama huliwazwa nayo, na ambayo kwayo humliwaza mtoto, ina nguvu kupita amri ya mwenye boma. Liweke neno hili moyoni, msomaji, maana tutalihitaji tufikapo kwenye hospitali.

Sasa turudi kwenye maradhi ya moyo. Katika Kenya ya kikoloni mahali pa wagonjwa wa akili palikuwa Mathari, Nairobi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910. Daktari J. C. Carothers aliiongoza tangu mwaka 1938 hata mwaka 1950, kisha mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo aliandika kwamba ugonjwa wa huzuni kuu, ambao siku hizi twauita sonona, ni nadra sana kwa Waafrika, na sababu yake akaitafuta katika ubongo wao na malezi yao. Maneno haya yalitoka kwa mtu mwenye cheo, na yakapewa muhuri wa shirika la dunia. Kwa hiyo yalisadikiwa na wengi.

Lakini Carothers aliwahesabu watu gani? Aliwahesabu hasa wale waliofikishwa Mathari. Na nani aliyefikishwa Mathari? Ni mtu aliyepiga kelele sokoni, aliyechoma nyumba, aliyemtisha bwana shamba, mtu ambaye askari au chifu aliona hapana budi aondolewe. Mama aketiye gizani katika nyumba yake huko Karungu, asiyetaka kula, asiyemtazama mtoto wake, hasumbui askari. Hakuna awezaye kumtia katika hesabu asipokwenda nyumbani kwake na kumwuliza. Kosa la Carothers si kwamba alihesabu vibaya, bali kwamba alihesabu mlangoni pa hospitali akadhani amehesabu Afrika.

Aliyekwenda kuuliza alikuwa daktari mwingine Mwingereza, John Cox. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi Uganda, akawachunguza wanawake 263 katika vijiji vya karibu na Kampala, kwenye kituo cha afya cha Kasangati, wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Akaikuta huzuni kwa wazazi, akaikuta na amakiro, akaandika habari zake mwaka 1979. Kisha akawachunguza wanawake wa Uskoti, na mwaka 1983 akachapisha ulinganifu wa pande hizi mbili. Ugonjwa ulikuwako huku na huko. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili wakatoa orodha ya maswali 10 ya kumtambua mama mwenye huzuni baada ya kujifungua, orodha iitwayo kwa jina la mji wa Edinburgh, na leo hutumika katika nchi nyingi duniani. Ni vema kijana wa Nyanza ajue kwamba mmoja wa watu walioitunga alikuwa amekwisha kujifunza kwa akina mama wa Kiganda, kando ya ziwa lile lile walilolivuka Wasuba.

Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers, leo lasema kwamba katika kila wanawake kumi wenye mimba mmoja hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona, na kwamba katika kila mia waliojifungua ni 13. Katika nchi zenye uchumi mdogo nambari huzidi, wapata 16 wakati wa mimba na wapata 20 baada ya kujifungua. Mwanamke aliyefukuzwa kwao, au aliyehama, huchukua mzigo huu pamoja na ule wa njia.

Nyanza iliuona mzigo huo kwa macho yake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na malaki wakafukuzwa makwao. Waluo waliokuwa wakifanya kazi Naivasha, Limuru na mahali pengine walirudi Nyanza kwa mabasi na malori. Serikali iliwaona upesi waliokuwa katika mahema. Waliojisitiri kwa jamaa zao hawakuonekana sana, maana hawakuwa na kambi ya kupigwa picha. Nao waliokuja Homa Bay na Migori walikuwa hasa wa namna hii ya pili. Kisheria hawakuwa wakimbizi, kwa kuwa hawakuvuka mpaka, na sheria ya kuwalinda watu waliohamishwa ndani ya nchi haikupitishwa mpaka mwaka 2012. Mwanamke aliyezaliwa Naivasha na kukulia huko aliambiwa kwamba sasa amerudi kwao, naye hakujua hata njia ya kwenda mtoni.

Zaidi ya hao wapo wanawake wahamao kwa riziki: wachuuzi wa samaki wafuatao ufuo hadi ufuo kutoka Sindo hata Muhuru, wake za wachimba dhahabu wa Macalder na Nyatike, na wale wavukao mpaka wa Tanzania hapo Sirari na Isebania, ambapo mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani huwagawa Wakuria na Waluo. Mtu asiye na karatasi huogopa dirisha la ofisi. Tena ugonjwa wa UKIMWI uliipiga sana nchi hii. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 uliwakuta na virusi karibu watu wazima 20 katika kila 100 wa Homa Bay.

Na uzazi wenyewe ulikuwa wa hatari. Kwa hesabu iliyotokana na sensa ya mwaka 2009, katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walikufa kina mama 673 huko Migori na 583 huko Homa Bay, na nambari zote mbili zilizidi wastani wa nchi. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali zake, kisha ukafuata mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kufuta malipo kulikuwa tendo kubwa, nami silidharau. Lakini mama mwenye sonona hashindwi na nauli peke yake. Hushindwa kuinuka. Huiacha kliniki, husahau dawa, hali vizuri, na akiwa mgeni hapana shangazi wa kuja kumvuta mkono.

Dawa ipatikane wapi katika nchi yenye madaktari wachache wa akili? Jibu moja lilitoka tena ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umezizuru nyumba karibu zote, wataalamu walikwenda katika vijiji 30. Kwanza waliwauliza wenyeji huzuni yao waiitaje. Wakatajiwa majina mawili, okwekubagiza, yaani mtu kujihurumia mno, na okwekyawa, yaani mtu kujichukia nafsi. Kisha katika nusu ya vijiji wakaunda vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali. Kiongozi wa kila kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nchi ile, asemaye Kiganda, aliyefunzwa kwa wiki mbili. Wakakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya msiba, ugomvi na mageuzi ya maisha. Mwisho wa muda huo walipima. Katika vijiji vilivyokuwa na vikundi wagonjwa walipungua kutoka 86 katika kila 100 hata chini ya 7. Katika vijiji vingine walipungua kutoka 94 hata 55 tu.

Nambari hizi ziliwashangaza wataalamu. Sidhani kama zingemshangaza pim.

Tangu hapo njia ya vikundi imeenea, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuifundisha. Katika kliniki za Kenya ilikuwako tayari kazi iliyofanana nayo, ya mama washauri, wanawake wenye virusi ambao wamejifungua watoto wazima, nao hukaa na wenzao wenye mimba wakiwaeleza kwa vinywa vyao wenyewe jinsi walivyofanya. Huko Bungoma watafiti walifanya jambo jingine la busara. Badala ya kufasiri tu maswali ya Ulaya, waliwauliza wanawake wa huko maneno wayatumiayo kusema huzuni ya mimba, wakayachanganya na yale ya kitaalamu, na mwaka 2018 wakatoa orodha yao. Hili lilikuwa la lazima. Mwulize mama wa kwetu kama ana sonona, atakutazama tu. Lakini husema kila siku, "Nina mawazo," na Kiswahili kimelifanya neno hilo la fikira kuwa neno la majonzi. Na Mluo husema parruok, ambalo nalo limetoka katika kufikiri. Muuguzi asiyejua hayo atamjibu kwamba mawazo ni kitu kizuri. Na mgeni wa Kimaragoli au wa Kikuria aulizwapo kwa Kiluo kile cha haraka cha foleni ya hospitali, hujibu "ndiyo" kwa adabu, akaenda zake.

Katika kaunti ya Migori, karibu na Rongo, kipo kijiji kiitwacho Lwala. Ndugu wawili waliozaliwa hapo, Milton na Fred Ochieng', waliopoteza wazazi wao wote wawili kwa UKIMWI na kwenda Marekani kusomea udaktari, walifungua zahanati huko mwaka 2007, nayo imekua ikawa hospitali na shirika la afya. Hapo hawakuwafukuza wakunga wa kienyeji kama ilivyofanywa mahali pengi. Waliwaajiri, wakawafunza, wakawalipa mshahara. Nyamrerwa wa Lwala siku hizi hazalishi nyumbani. Kazi yake ni kuzunguka vijijini, kumtambua mwenye mimba mapema, kumsindikiza hospitali, na kurudi kumtazama yeye na mtoto wake baada ya kujifungua. Huingia ndani, huketi, hushika mtoto. Yeye mwenyewe, kwa mila ile ya kutooana ndani ya ukoo, aghalabu si mzaliwa wa pale. Alifika kijijini akiwa bibi harusi, na mzazi wake wa kwanza alimzaa katika nyumba ya watu ambao mwaka mmoja nyuma hakuwajua hata kwa majina.